Njia ya mbao mikokoni ipimwe kwa bamvua

Mhariri,

Nimefurahi kusikia kwamba kijiji chetu hapa pwani ya Kwale nacho kitajengewa njia ya mbao ya kuwapitisha wageni na wanafunzi juu ya mikoko, kama ile inayoendeshwa na kina mama wa Gazi. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wachoraji wa mradi waanzie kwenye miguu ya njia hiyo, kabla ya vibanda na mabango.

Hivi karibuni nilipita juu ya njia ya namna hiyo mahali pengine, isiyo na miaka mingi tangu ijengwe. Kwa juu mbao zilikuwa nzima. Maji yalipokupwa nilishuka topeni, nikabonyeza nguzo moja kwa kidole gumba, ikabonyea kama muhogo uliooza, na ndani yake mlikuwa na matundu mapana kama penseli yaliyotandwa chokaa nyeupe. Hiyo ni kazi ya mdudu wa baharini mwenye umbo la mnyoo, wa jamii ya chaza, ambaye mafundi wa majahazi wanamjua tangu enzi za mababu, na ndiye anayewafanya wapake deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa, chini ya chombo.

Dawa ya shaba, kromi na aseniki humzuia, lakini huvuja kidogo kidogo katika tope lile lile tunamookota chaza na kaa, kwa hiyo mimi siiafiki. Afadhali nguzo za mvinje, mti unaopandwa mashambani kwetu, mradi mguu wa kila nguzo uvikwe bomba lililojazwa zege hadi juu ya maji makuu. Boriti za mkoko zisiguswe kabisa.

Mbao za juu ziachane kwa upana wa kidole, ili mwanga na mvua viifikie mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza topeni ipate kupumua. Tena zifungwe kwa bolti zisizoshika kutu, ili ubao mmoja ukioza ung'olewe peke yake. Fedha za matengenezo zitengwe sasa.

Limebaki suala la kimo. Wapimaji walikuja siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu. Nawaomba warudi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hupanda kwa zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa; wavuvi wako tayari kuwaonyesha alama yake kwenye mashina ya mililana, mikoko inayoota karibu na bahari.

Msomaji wako,
Kwale