Risala ya Chama cha Fasihi kwa Mgeni wa Heshima: Thabai na Vijiji Vyetu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Sisi wanachama wa Chama cha Fasihi tunakukaribisha kwa furaha shuleni kwetu hapa Limuru. Muhula huu tulipanga kusoma riwaya tatu. Tumesoma moja tu, A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1967. Tulipofika Thabai hatukutoka tena.

Thabai haimo katika ramani ya Kenya. Ni kijiji cha kubuni. Lakini aliyekibuni ni mzaliwa wa Kamirithu, jirani yetu, na mwaka 1955 alirudi likizo kutoka shule ya upili ya Alliance akakuta boma lao limebomolewa, watu wamehamishwa. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuwakandamiza Mau Mau, waliopigania ardhi na uhuru. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwasukuma watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vya lazima, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula na habari. Wazee wa hapa wangali wanaviita gichagi.

Basi tukasoma riwaya na historia kwa pamoja. Kihika, mpiganaji wa msituni katika riwaya, anateka kituo cha polisi cha Mahee na kuwafungulia wafungwa. Nasi tukafikiria uvamizi wa Mau Mau kwenye kituo cha polisi cha Naivasha, tarehe 26 Machi 1953. Kambi ya Rira, anakofungwa Mugo, mhusika mkuu wa riwaya, ilitupeleka Hola, kambi halisi ya kizuizini, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Kilichotugusa kuliko vyote ni handaki. Watu wa Thabai wanalazimishwa kulichimba huku wakichapwa, na Mugo anajitosa kumkinga mwanamke anayepigwa na homugadi, yaani mlinzi Mwafrika aliyetumikia serikali ya kikoloni. Mwenzetu mmoja alimsomea nyanya yake sehemu hiyo, akiitafsiri kwa Kikuyu neno kwa neno. Nyanya alinyamaza kwa muda. Kisha akamshika mkono, akamtoa nje, akamwonyesha lilipopita handaki la kwao, mahali ambapo mjukuu amekuwa akikata nyasi za ng'ombe tangu utotoni. Hakuwa amewahi kulitaja.

Hatukukubaliana kuhusu Mugo, Mheshimiwa. Kijiji kinamwona shujaa na kumtaka ahutubie siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika. Baadhi yetu walisema hiyo ni dharau kwa waliopigania ardhi. Ubishi huo ulitumalizia Ijumaa tatu. Lakini katika shule hii wamo vitukuu vya waliokuwa msituni na vitukuu vya homugadi, wengine wanakaa dawati moja. Kama Thabai kingekuwa kijiji halisi, chenye majina ya babu zetu, tungeogopa kufungua mdomo. Kwa sababu ni cha kubuni, tuliulizana bila kunyoosheana vidole, kisha tukaenda nyumbani kuuliza yaliyotokea kweli. Mwandishi hakutuficha kitu kwa kubadilisha majina. Kenyatta na Waiyaki, kiongozi wa Wakikuyu aliyewapinga Waingereza zamani, wamo kwa majina yao wenyewe.

Tulitamani kumweleza Ngũgĩ haya mwenyewe. Aliaga dunia tarehe 28 Mei 2025.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Nyanya wa mwenzetu hakuwa miongoni mwao, na hakuna aliyewahi kuandika alichokiona. Aliyekuwa na miaka kumi handaki likichimbwa sasa amevuka themanini, na kila muhula tunasikia kwamba mmoja wao amezikwa.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. La kwanza, vinasa sauti viwili na mahali salama pa kuhifadhi tutakayorekodi, kwani simu tunazoazima kwa wazazi hujaa haraka. La pili, utuandikie barua ya kututambulisha kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, tukatafute ramani za vijiji vya eneo hili.

Nyanya tuliyemtaja yupo nasi leo, ameketi mstari wa pili, na amekubali kuwa wa kwanza kurekodiwa.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Fasihi