Msinakili diski za ofisi kabla ya Sysprep

Mhariri,

Ofisi inapopata kompyuta ishirini kwa mkupuo, fundi hana haja ya kusakinisha Windows mara ishirini. Anaandaa moja, anachukua taswira ya diski yake, yaani nakala kamili ya kila kilichomo, kisha anaimimina kwenye zilizobaki. Njia hiyo ni sahihi kabisa, na zana kama Clonezilla ni ya bure. Kinachotuuma ni hatua inayorukwa mno: kuivua kompyuta ya mfano utambulisho wake kwa zana iitwayo Sysprep kabla ya kuinakili.

Kila Windows inaposakinishwa hujitungia namba yake, SID. Ukinakili diski kama ilivyo, zote ishirini hubeba namba moja. Kwa miaka mingi jambo hili lilivumilika, ndiyo maana mafundi wengi wamelizoea. Sasa halivumiliki. Tangu masasisho ya mwishoni mwa Agosti 2025, Windows 11 matoleo ya 24H2 na 25H2, pamoja na Windows Server 2025, hukagua namba hizo, na mashine mbili zenye SID moja hukataana. Mtu anaandika nywila yake sahihi anaambiwa si sahihi, folda ya pamoja haifunguki, na kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali kunagoma. Fundi atabadilisha nywila, atabadilisha hata kebo, na tatizo litabaki palepale kwa kuwa limo ndani ya taswira.

Dawa yake ni Sysprep, nayo imo tayari ndani ya Windows. Kompyuta ya mfano ikifika kwenye ukurasa wa kwanza wa kuchagua nchi, bonyeza Ctrl+Shift+F3. Itajiwasha upya na kukuingiza kama msimamizi bila kufungua akaunti ya mtu. Sakinisha programu na masasisho humo. Usiiunganishe na domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva), wala usiguse duka la programu la Microsoft. Ukimaliza, kwenye dirisha la Sysprep chagua OOBE (ianze kama mpya), weka tiki kwenye Generalize (ifute utambulisho), na chini chagua Shutdown (izime). Ikishazima, iwashe kwa fleshi ya Clonezilla tu. Ikiponyoka ikawaka kwa diski yake, itajitungia utambulisho mpya na kazi yote ya Sysprep itakuwa imepotea.

Mara nyingi Sysprep hukwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni BitLocker, kinga inayosimba data ya diski, ambayo Windows 11 za sasa zinaweza kuiwasha zenyewe bila kukuuliza. Kwenye dirisha la amri la msimamizi andika manage-bde -off C: kisha usubiri mpaka manage-bde -status ionyeshe asilimia 0. Ya pili ni programu ya duka la Microsoft iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja tu. Jina lake utalikuta kwenye faili la setupact.log, ndani ya folda ya Panther iliyomo katika folda ya Sysprep. Iondoe kwa PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kisha urudie.

Mfano uwe ile yenye diski ndogo kuliko zote, maana Clonezilla kwa kawaida hukataa kumimina kwenye diski iliyo ndogo kuliko ya asili. Angalia pia mpangilio wa diski kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka: mfano ukiwa kwenye chaguo la AHCI na nyingine kwenye RAID, unaweza kukaribishwa na skrini ya buluu ya hitilafu. Programu ya kuzuia virusi inayosimamiwa kutoka seva isakinishwe baadaye, la sivyo seva inaweza kuziona kompyuta ishirini kama moja. Kwa kumimina, tumia kebo na swichi ya gigabiti. Taswira ya GB 30 hupita kwa dakika tano hivi, lakini kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100 itazidi dakika arobaini. Leseni nalo ni suala la kuulizia mapema: ile iliyokuja na kompyuta dukani kwa kawaida haitoi ruhusa ya kumiminiwa taswira yako, ile ya jumla, inayonunuliwa na ofisi kwa kompyuta nyingi, ndiyo inayotoa.

Anza na mbili tu. Kwenye kila moja ingia kwa akaunti ya ndani, fungua dirisha la amri, andika whoami /user. Ondoa tarakimu za mwisho baada ya kistari cha mwisho, kisha linganisha namba iliyobaki. Zikifanana, simama hapohapo. Na ofisi zilizokwisha kumimina bila Sysprep zifanye jaribio hilohilo wiki hii. Zikikuta namba moja kila mahali, zipange kuandaa mashine hizo upya, chache chache, huku kazi zikiendelea.

Wako,
Mafundi wa kompyuta za ofisi