Dawa ya kifafa inanitia baridi, na mume wangu ameniita friji

Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Ni saa tisa za usiku na sijapata hata lepe la usingizi, kwa sababu kila nikifumba macho nasikia kicheko cha Jumapili. Mashemeji na mawifi walikuja kula samaki kwetu, jua likiwa kali mpaka mabati yanalia, nami nikawaandalia meza nikiwa nimevaa sweta na soksi. Wifi yangu mkubwa aliuliza kama ninaumwa, na kabla sijajibu mume wangu akasema, "Haumwi huyo, mimi nilioa friji." Walicheka wote. Hata mwanangu alicheka, ingawa yeye simlaumu, ana miaka minne.

Mimi si mtu wa kudeka. Nimezaliwa na kulelewa Molo, ambako sakitu huunguza majani ya viazi, na nilikuwa nikienda kuteka maji alfajiri miguu mitupu bila kulalamika. Baridi naijua. Hii inayonishika hapa kando ya ziwa, ambako majirani hulala wakijipepea, si ile. Huanzia vidoleni, ikapanda hadi kwenye viwiko na kukaa humo kutwa. Mimi ni fundi wa nguo, na kuna siku sindano hunidunga nisijue mpaka nione tone la damu kwenye kitambaa. Mwezi uliopita nililipa blauzi nyeupe ya watu.

Yalianza miezi michache baada ya kubadilishiwa dawa. Tangu utotoni nilikuwa nikimeza fenobabitoni, iliyonifanya nisinzie darasani, kisha mwaka wa 2023 nikapewa kabamazepini, miligramu 200 asubuhi na 200 jioni, na tangu hapo sijaanguka hata mara moja. Kwa hiyo usidhani naitukana dawa. Lakini kila nikitetemeka naambiwa ni malaria, nami nimepimwa mara tatu bila kuonekana chochote, na kipimajoto cha duka la dawa husema mwili wangu uko sawa. Jirani yangu aliyestaafu uuguzi aliniambia kwamba dawa hii kwa baadhi ya watu hushusha chumvi ya damu au homoni za tezi ya shingoni, na kwamba hata upungufu wa damu peke yake huleta baridi ya namna hii, hivyo niombe kupimwa vyote. Sijaomba. Kliniki foleni ni ndefu, daktari huuliza kama nimeanguka, nasema hapana, anaandika dawa ileile, nainuka. Nikimtajia baridi huenda akanibadilishia dawa, na nikibadilishiwa huenda nikaanguka tena.

Wala siwezi kuota moto kama watu wengine. Mwaka wa 2016 niliangukia jiko la makaa, na kovu liko mkono wa kushoto, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mume wangu ndiye aliyeninunulia meko ya gesi, na ndiye asiyekubali niketi karibu na makaa hata kukiwa na mtu. Ni mwanamume mwema, Shangazi, sitaki umseme vibaya. Nilimweleza ugonjwa wangu kabla ya mahari kupelekwa, na mara ya kwanza nilipoanguka mbele yake alinilaza ubavu na kuniwekea shati lake chini ya kichwa, wakati wenzetu wa ploti walikimbia wakiogopa povu, kana kwamba povu huambukiza. Ndiyo maana neno lile limenichoma. Lingetoka kwa wifi ningelimeza. Lakini aliyenishika kichwa siku ile ndiye aliyeufanya mwili wangu kitoweo cha mzaha mezani. Tangu mwezi uliopita hulala sebuleni, akisema blanketi zangu mbili zinamtoa jasho. Nilimwambia ni sawa, ingawa si sawa.

Kucheka kwao sijali. Nataka tu unishauri nimwambieje ili neno friji lisitamkwe tena nyumbani mwangu, bila kuonekana kwamba natafuta huruma kwa ugonjwa. Au pengine ninyamaze, kwa kuwa anayekununulia dawa ana haki ya mzaha mmoja. (Hata hivyo, nusu ya dawa hizo hununua mwenyewe kwa pesa za cherehani.)

Jambo jingine ni dogo, nalitaja kwa kuwa nimekwisha kuanza kuandika. Tangu Jumatatu nimekuwa nikiacha kidonge cha asubuhi, nione kama mikono itapata joto. Haijapata. Najua tulivyoambiwa, kwamba dawa ya kifafa haikatizwi ghafla kwa maana degedege laweza kurudi kwa nguvu na kukataa kukatika, kwa hiyo usinihubirie. Ila jana adhuhuri nilishtukia mkasi uko sakafuni na mteja ananiuliza kwa mara ya pili kama nimemsikia, nami sikumbuki nilivyouangusha. Labda ni kukosa usingizi. Je, nikikirudia kidonge leo asubuhi, ni lazima daktari ajue kwamba niliacha, na ni lazima mume wangu ajue?

Ukijibu, tafadhali jibu habari ya friji tu. Yeye husoma majibu yako kwa simu kila jioni, na habari ya mkasi sijamweleza.