Mdogo wangu, zimwi lako limesoma mno

Mdogo wangu,

Marahaba. Hadithi yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwasomea wanangu kitandani. Mdogo alisinzia ukurasa wa tatu. Mkubwa akaniuliza, "Mbona zimwi hili linaongea kama mwalimu wa hesabu?" Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei.

Kuliita zimwi umefanya vyema. Ungeandika "troli", kwa kufuata jina lake la Kinorwei "troll", watoto wangedhani ni toroli la kubebea zege.

Lakini mazimwi ya Norwei, uliyosema ndiyo yaliyokuvutia, hayana werevu huo. Ni makubwa kama milima, yananusa damu ya binadamu kutoka mbali, na kichwani hamna kitu. Fungua ngano ambazo Asbjørnsen na Moe, wale wakusanyaji wa ngano wa Norwei, walianza kuzichapisha mwaka 1841. Kuna kijana anayekamua jibini mbele ya zimwi, maji yanachuruzika, naye anaapa kuwa ni jiwe. Zimwi linaamini! Baadaye wanashindana kula uji mzito. Kijana anaumimina kwenye mkoba aliouficha kifuani, kisha anauchana kwa kisu ili apate nafasi ya kuendelea. Zimwi linauliza, "Huumii?" "Wala." Basi na lenyewe likajipasua tumbo. Mkubwa wangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, nami nikamsukumia maji.

Kuna na yale matatu ya msitu wa Hedal, marefu kama misonobari, yenye jicho moja tu kwa zamu. Wa mbele analivaa, wenzake wanamshikilia nyuma. Mtoto mmoja akamkata wa mwisho kifundo cha mguu kwa shoka, likapiga yowe, wa mbele akashtuka, jicho likadondoka. Mtoto akaliokota, akachungulia: usiku ukawa mchana. Majitu mazima yakabaki yanapapasa gizani na kuwabembeleza watoto! Hapo hakuna bunduki wala mtambo wa leza kama ulioweka wewe.

Halafu, ndugu yangu, Tromsø, ule mji wa kaskazini mwa Norwei. Umeandika kwamba zimwi lilitoka pangoni "usiku wa manane mwezi Juni". Usiku upi? Kule jua halizami tangu karibu tarehe 20 Mei hadi mwishoni mwa Julai, na zimwi likipigwa na jua linageuka jiwe. Lako lingekuwa kokoto kabla ya kuvuka mlango. Ukilihamishia Desemba, jua halichomozi kabisa, kwa hiyo watoto wako itabidi walipigishe soga mpaka jua lirudi katikati ya Januari. Hiyo ningeisoma! Siku ya kumi wameishiwa vitendawili, zimwi bado linauliza, "Na huyo kuku, ilikuwaje?"

Nitumie nakala mpya kabla ya Ijumaa. Na yule mbuzi wa ukurasa wa tano usimguse. Ndiye pekee humo anayejua anachokifanya.

Kaka yako