Nyumba ipo Lindi, mimi nalala kwa mama

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi.

Wifi yangu wa Mtama kanitumia picha ya ukurasa wenu wa barua, pale ambapo msomaji mmoja kalalamika kwamba sisi mabinti wa kusini tulioolewa Ulaya tunajenga mahekalu tunayaachia mijusi, hatuonekani, na tukionekana ni mara moja kwa miaka mitatu na miwani ya jua usoni. Nilikasirika kama siku mbili hivi. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba nyumba yangu mwenyewe ilikuwa na popo, nikatulia.

Mimi ni Mmwera wa Mtama, niliolewa na Mjerumani 2014, tunaishi Berlin, tuna watoto wawili. Tulivyokutana sio mada. Ila kabla ya viza ilibidi nikakae Dar nisome Kijerumani mpaka nifaulu mtihani wa ngazi ya kwanza, huku nyuma majirani wanamuuliza mama, huyo binti anasoma lugha ya mume, kwani mume kwanini asisome ya mke? Swali zuri tu. Maana kwetu kwa mila za zamani mwanaume ndo anahamia upande wa mke, analima ukweni, wajomba wanamwangalia kama jembe analijua au analiogopa, na ukoo unafata mama. Mimi nimefanya kinyume. Mpaka leo mjomba akinipigia simu ananitania, anasema Wajerumani walimchukua mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kwetu Lindi, miaka zaidi ya mia imepita hajarudi, na wewe tunakuhesabu hivohivo. (Huyo mjusi nimeenda kumuona na wanangu, yupo makumbusho hapahapa Berlin, mifupa yake ilichimbwa kuanzia 1909 mpaka 1913, watu wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, sasa hivi kasimamishwa, kwenda juu ana mita 13 na ushee na mwanangu mdogo hakuamini kwamba anatoka kwa bibi yake.) Tunacheka na mjomba, lakini utani huo una kamchanga ndani.

Kwa hiyo nikajenga. Nadhani wengi tunajenga kwa sababu hiyohiyo, sio kwamba tunahitaji nyumba, tunataka ushahidi kwamba hatujapotea. Kiwanja nilipata 2017 Lindi mjini upande wa Ngongo, nikawa nasafisha ofisi za watu alfajiri kabla ya kazi yangu ya kawaida, hela ikija natuma, fundi anatuma picha ya msingi, natuma, anatuma picha ya lenta, natuma, mpaka bati la msauzi, jipsamu, marumaru, vyumba vinne. Vinne! Sisi tuko wanne na tunakuja wiki tatu kwa miaka miwili mitatu. Mume wangu, ambaye maneno yake huwa machache, aliniuliza swali moja tu, nani atalala humo, nikamwambia we hujui mambo ya Kiafrika.

Julai 2022 tumekuja na mabegi yetu kufungua nyumba mpya. Kwanza umeme hakuna. Nikanunua luku ya elfu 40 nikaona zinaingia uniti kiduchu, kumbe kodi ya jengo inakatwa hukohuko kwenye luku na kama nyumba hainunuliwi umeme deni linakaa linakusubiri. Alafu darini popo, jipsamu imeshuka chumba cha watoto, mchwa wameanza na fremu za milango. Na ndugu niliyemwachia funguo, simtaji na tumeshasameheana, alikuwa ameweka mpangaji kwenye vyumba viwili vya nyuma, mpangaji mwenyewe mtu mwema kabisa, akanikaribisha chai nyumbani kwangu. Nimekaa kwenye kochi la mpangaji wangu nisiyemjua nakunywa chai ya tangawizi, nikasema basi, twendeni kwa mama.

Na huko kwa mama nako, ndo maana naandika barua, kuna jambo lake. Ukishaolewa mbali unageuzwa mgeni. Kuku anachinjwa kabla hujashuka kwenye gari, unatandikiwa kitanda cha mama, mama mwenyewe analala chini na wajukuu, ukishika ufagio unanyang'anywa, "acha mwanangu, umechoka". Nimechoka na nini, miezi kumi na moja nafagia kwa watu! Jioni watu wanakuja kusalimia wanakaa kwenye mkeka, kila mmoja ana shida yake moyoni, unaiona inavyosubiri wenzake waondoke. Nilikuwa naumia sana. Nilikuwa namwambia mume wangu ndugu zangu wananiona mashine ya kutolea hela.

Sasa hapa nilikosea na nataka wenzangu walioko nje wanielewe vizuri. Sisi tunakuja Julai na Agosti kwa sababu shule za watoto ndo zimefungwa, na Ujerumani huwezi kumtoa mtoto shule kienyeji ukamleta likizo, unapigwa faini. Lakini Julai kwetu ni nini? Ni kupuliza. Mikorosho inaanza kutoa maua, watu wako shamba na mabomba toka alfajiri, nguo zote zinanuka salfa, na hata dawa ikitolewa bure kuna petroli ya bomba na kibarua wa kupuliza, hela ya msimu uliopita ilishaisha kwenye ada na madeni. Wa ufuta angalau wanakuwa wameuza, ila pale kwetu ni mikorosho tu. Yani sisi tunashuka na mabegi katikati ya ukata mkubwa kuliko wakati wowote wa mwaka, alafu tunarudi Ulaya tunasema kwetu watu wanaomba sana. Ungemtembelea Mjerumani siku tatu kabla ya mshahara naye ungemwona anavyohesabu chenji.

Nimelijua hili kwa bahati mbaya, 2024. Mwezi wa tano bibi yangu mzaa mama alifariki. Sisi Waislamu maiti haisubiri ndege, nilijua mazishi siwahi, nikasema angalau niwahi matanga, nikakata tiketi ya kuunganisha Istanbul kwa hela niliyokuwa nimeweka ya fensi ya ile nyumba ya Ngongo. Natua Dar ndo kimbunga Hidaya kinaingia. Barabara ya kusini ikakatika, pale Somanga maji yamebeba lami, mabasi hayaendi, ndege ya Mtwara naambiwa imejaa. Nimekaa Mbagala kwa binamu yangu siku nne naangalia picha za madaraja kwenye simu. Kilometa kama mia tano tu na nimetoka Berlin! Mama ananipigia anasema usijali mwanangu, njia ikifunguka utakuja, na nyuma yake nasikia sauti za watu wanaosoma hitima.

Nilipofika msiba ulikuwa umeshapoa lakini nyumba bado imejaa. Na kwa kuwa nyumba imejaa hakuna aliyekuwa na muda na mimi. Hakuna kuku. Nimelala kwenye mkeka, tumebanana na mabinti wa mjomba kama dagaa, na asubuhi mama mdogo akanipita kwenye kizingiti akasema, "We, inuka ukaoshe masufuria, watu wanataka uji." Mhariri, miaka kumi tangu niolewe hakuna mtu aliyeniambia nikaoshe masufuria. Nilienda pale nyuma kwenye jiwe nikakaa na majivu na masufuria meusi ya msibani nikasugua na kulia, watu wakadhani nalia kwa ajili ya bibi. Ilikuwa kwa ajili ya bibi pia.

Kwa hiyo mwaka uleule, fensi ikiwa imeshakufa, nikarudi tena mwezi wa kumi, Berlin shule zinafungwa wiki mbili vuli. Wiki mbili ni chache ukitoa safari, najua. Lakini korosho zilikuwa zimeanza kuanguka, minada imeanza, na msimu ule bei ilivuka 4,000 kwa kilo kwenye minada ya mwanzo, watu wamechangamka huwatambui. Wanangu wameokota korosho chini ya mikorosho na watoto wa wenzao, wamekula mabibo mpaka midomo ikawashwa, nguo zina madoa ambayo hayatoki mpaka leo. Na mjomba, yuleyule wa mjusi, akanipa elfu 50 mkononi, akasema hii ya soda ya watoto njiani. Mjomba kanipa mimi hela! Hakuna aliyeniomba kitu wiki nzima ya kwanza, aliyeomba wiki ya pili aliomba mkopo na amesharudisha.

Najua nitajibiwa, nyumba ni akiba, mume akikuacha huko utarudi wapi. Hata mjomba alinishauri hivyo wakati naolewa na sina ubishi, mwanamke aolewe popote, awe na kitu kwa jina lake, hati iwe yake isiwe ya kaka. Hilo nalishika. Mimi mpaka leo nimebaki na pasipoti ya Tanzania kwa sababu hiyo, Ujerumani toka Juni 2024 wanaruhusu uraia wa nchi mbili lakini nchi yetu hairuhusu, ukichukua wa kwao wa kwetu unaondoka, na ardhi ya Tanzania ni ya raia. 2025 bunge limepitisha ile hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, ni hatua, ila mimi nasubiri niione inavyofanya kazi kwa watu kama mimi ndo nitoe maoni. Kwa sasa mume na watoto wanasafiria pasipoti za Kijerumani, kila kichwa dola 50 ya viza, mwanangu anauliza kwanini kwenda kwa bibi kuna kiingilio.

Lakini hiyo akiba si lazima iwe hekalu tupu. Nina rafiki yangu tulisoma naye, yeye aliolewa Mocímboa da Praia, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, sio Ulaya, na kwao wala hakujenga, alikuwa anakuja tu kila Idi na gunia la kitu fulani kichwani. Vita vilianza kule 2017, na 2020 mji ulipotekwa akavuka mto na watoto watatu na nguo walizovaa. Alienda wapi? Kwa mama yake, chumba kilekile alicholala akiwa msichana, godoro lipo, na watoto wa pale walishawajua watoto wake kwa majina kwa sababu ya zile Idi. Mimi na vyumba vyangu vinne siku ile ningepokewa na popo.

Nilichofanya ni hiki. Ile nyumba ya Ngongo nimeipangisha rasmi kwa familia moja, kwa bei ya kawaida tu, maana nyumba inataka pumzi ya watu, darini kumeshatulia. Kodi yake haili mtu, inakaa pembeni, ni nauli. Na kwa mama Mtama nimeongeza chumba kimoja na choo cha ndani, basi, choo hicho kinatumiwa na mama mwaka mzima, sio kinanisubiri mimi. Chumbani nimeacha kanga zangu, sandozi, na chungu cha marehemu bibi. Ndugu wengine wananung'unika kwamba nimejenga kwa mama sijajenga "kwangu". Kwangu ni wapi sasa?

Nimeulizwa pia, kama unapenda hivyo kwanini usije ukakaa mwaka. Kibali changu cha kuishi Ujerumani kinakufa nikikaa nje zaidi ya miezi sita, na watoto wana shule, na mume ana mama yake mzee wa miaka 84 ambaye naye Jumapili anataka kuonwa. Nimeolewa, sijaenda matembezi.

Ombi langu kwa ndugu mliobaki, hasa mama zetu na mama wadogo: mtoto akija msimchinjie kuku siku ya kwanza. Mwachie ufagio. Akiamka saa tatu mwambieni watu wameshatoka shamba. Na shida zenu semeni mapema kwenye simu, msingoje tushuke, maana tukiwa tumeshakata tiketi mfukoni hakuna kitu, ile miwani ya jua ni ya euro tano.

Na nyie mashoga zangu mlioko Ujerumani, Uswisi, Oman na kwingineko, mwenye watoto wa shule aangalie hizo wiki za vuli kama shule yao inazo, asiye na watoto hana sababu kabisa ya kuja Julai, tena tiketi za Julai na Agosti ndo ghali kuliko zote. Mhariri, naomba uichape barua hii mapema kidogo, tiketi za mwezi wa kumi wenzangu wanaanza kuzitafuta sasa hivi, na mama kanipigia jana anasema fundi wa choo amerudi, anadai koki aliyofunga inavuja na anataka elfu 15 nyingine, nimemwambia asimpe mpaka mjomba akaione.

Binti wa Mtama,
Berlin, Ujerumani