Ulizeni kwanza atakaa na nani: barua kwa wanaopanga na wanaopokea fildi za ustawi wa jamii, Arusha na Moshi

Wadogo zangu na wanangu mnaopanga fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, za wanafunzi wa ustawi wa jamii, na ninyi mnaowapokea katika ofisi zenu hapa Arusha na Moshi,

Nawasalimu. Nimefanya kazi ya ustawi miaka thelathini na ushei, mingi nikiwa hapahapa Arusha, na tangu nistaafu naishi Tengeru. Baadhi yenu mlipita mikononi mwangu mkiwa wanafunzi. Kwa hiyo nitasema nanyi kama mama anavyosema na watoto wake wakubwa.

Mwezi Mei jirani yangu aliniletea binti wa mwaka wa pili. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake barua ya chuo iliyoandikwa "Kwa yeyote anayehusika". Alishazunguka ofisi nne, kuanzia mjini hadi Usa River, na kote aliambiwa aache barua, atapigiwa simu. Chuo chake kiko mbali. Arusha aliichagua kwa sababu ana shangazi Ngarenaro wa kumpa pa kulala. Nikamuuliza, mratibu wako anajua utasimamiwa na nani? Akanijibu, "Bibi, tumeambiwa tukishapata nafasi tujaze fomu: jina la kituo na namba ya simu."

Basi. Jina la kituo na namba ya simu. Jibu lile limenikaa rohoni hadi leo, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ombi langu kwenu ni moja. Mnapompangia mwanafunzi fildi, ulizeni kwanza atakaa na nani, ndipo muulize atakaa wapi. Ofisi inaweza kuwa na kibao kizuri, gari, na wateja waliojaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, na bado mwanafunzi akamaliza wiki nane pale bila kufundishwa na mtu yeyote. Nilimfahamu kijana aliyepitia fildi ya namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kutoa kopi, kupeleka majalada masijala na kuwafuatia wakubwa chai. Logibuku yake, daftari la kuandikia kazi za kila siku, ilisainiwa siku ya mwisho, kurasa zote kwa mkao mmoja, kwa kalamu moja. Alama alipata nzuri. Baadaye akaajiriwa, na wiki ya kwanza akaingia mama mmoja ameshika PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, uso umevimba, na kijana wetu hakujua amkaribishe kiti au amwambie asubiri nje. Alinisimulia mwenyewe, na machozi yalimlenga. Sikumlaumu. Niliwalaumu waliosaini.

Wenzetu Marekani, ambako mafunzo ya fani hii yalianza New York mwaka 1898 kwa kozi ya wiki sita za kiangazi, hadi leo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hahitimu bila angalau saa 400 za fildi. Lakini sharti linalonigusa mimi ni lile linalomhusu msimamizi: awe amesomea fani hii na kuifanya kazi miaka miwili baada ya kuhitimu. Kituo kikikosa mtu wa namna hiyo, chuo chenyewe kinabeba jukumu la kuziba pengo. Hilo tunaliweza hata sisi, kwa sababu halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji mratibu apige simu na kuuliza maswali matatu au manne kabla ya kuandika jina la mtoto wa watu kwenye orodha.

Niwaambie nilivyofundishwa mimi. Nilisoma Kijitonyama, Dar es Salaam, katika chuo cha ustawi wa jamii kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na nilipopelekwa fildi nilipewa msimamizi ambaye sitamsahau. Kila Ijumaa saa nane mchana alifunga mlango kwa muda wa saa moja, akaweka majalada pembeni, akaniuliza swali lilelile: "Ulipoingia, uliona nini kwanza?" Ijumaa moja nikajibu kwamba nimeona nyumba chafu, masizi hadi darini, watoto wamelala juu ya gunia, na kwa maoni yangu mama yule amewatelekeza. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Jumatatu urudi. Ukae nusu saa usiandike kitu."

Nilirudi. Nilikaa. Na safari hii nikaona sare mbili za shule zimefuliwa, zimenyooshwa kwa mkono, zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikaona sufuria imefunikwa kwa ajili ya mtoto ambaye hajarudi. Mama yule hakuwa ametelekeza mtu, alikuwa amezidiwa. Nisingekuwa na Ijumaa zile, ningeandika taarifa ya kumnyang'anya watoto wake, nayo ingekuwa imeandikwa vizuri sana.

Saa moja ile ya kila wiki ndiyo fildi yenyewe. Mengine yote mwanafunzi anakwenda kuyachota ili ayalete pale. Kwa hiyo ninyi wasimamizi, msiifanye kuwa saa ya kukagua logibuku. Chukueni shauri moja tu, hata dogo, la baba asiyetoa matunzo au bibi anayeomba msamaha wa matibabu, mlipekue pamoja: alisema nini, wewe ulisikia nini, ulikasirika wapi, na kwa nini uliandika hivi. Mkikosa chumba, kaeni chini ya mti nje ya ofisi ya kata. Mtu aliyepewa wanafunzi kumi na mmoja hawezi kazi hii, kwa hiyo ofisi iwe na ujasiri wa kusema tunaweza wawili, watatu, basi. Halmashauri ikikataa wanane kwa kukosa wasimamizi imewatendea wema.

Na wahadhiri, najua bajeti ya safari haitoshi. Nimeona mhadhiri anatembelea wanafunzi sita kwa siku, asubuhi Arusha na jioni Moshi, kila mmoja dakika ishirini na saini. Ikiwa safari ni moja tu, njooni wiki ya tatu. Wiki ya tatu kosa bado linarekebishika na kituo kibaya bado kinahamika. Ukija wiki ya saba umekuja kuweka alama tu.

Mahali pa kujifunzia huku kwetu hapakosekani. Arusha na Moshi kila mji una mahabusu ya watoto. Kuna hospitali kubwa, KCMC, Mawenzi na Mount Meru, ambako mgonjwa wa kitanda cha pili hajui atalipa nini wala nani atamfuata siku ya kuruhusiwa. Kuna madawati ya jinsia na watoto polisi. Kuna vijana wanaolala kuzunguka stendi na soko la Kilombero. Tangu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa ustawi anatakiwa mahakamani na taarifa ya uchunguzi wa jamii, na hakimu anaisoma kabla ya kuamua maisha ya mtoto. Natamani kila mwanafunzi amalize fildi ameandika walau taarifa moja ya aina hiyo, imerudishwa na msimamizi mara tatu na wino mwekundu. Ingemfaa kuliko ripoti ya kurasa thelathini ambayo nusu yake ni historia ya taasisi.

Wiki ya kwanza msimpe majalada. Tembeeni naye. Apelekwe kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa askari wa dawati, amsalimie karani wa mahakama, ajue majina. Afisa ustawi asiyejulikana kwa mwenyekiti wa mtaa hafiki nyumba anayoitafuta, na akifika hafunguliwi.

Halafu kuna lugha. Mwanafunzi anakwenda upande wa Ngaramtoni au Monduli, anamkuta bibi asiyejua Kiswahili, na haraka anamwita mjukuu atafsiri. Mara ngapi mjukuu huyo ndiye shauri lenyewe? Anaulizwa atafsiri maswali kuhusu yeye, mbele ya anayemwogopa. Mtafuteni mtu mzima asiye wa nyumba ile. Asipopatikana, mwanafunzi asalimie, anywe maziwa aliyopewa, arudi siku nyingine.

Sasa niseme jambo linaloumiza. Wapo wasichana waliosumbuliwa na wasimamizi wao, wakaambiwa saini ipo mikononi mwa mtu. Wengi hunyamaza kwa sababu namba pekee waliyopewa ni ya msimamizi huyohuyo. Mratibu, kila mwanafunzi aondoke na namba ya mwanamke wa chuoni ambaye atapokea simu hata usiku, na akipokea asianze kwa kuuliza alivaa nini. Kituo kilicholalamikiwa kisipangiwe mtu tena. Wala msiwaache waende majumbani peke yao. Waende wawili, ofisi ijue mtaa gani na watarudi saa ngapi, na giza lisiwakute juu ya bodaboda mahali wasipopajua.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo mara nyingi huja mtoto ameshaanza kukopa, na wengine hawana mkopo kabisa. Nauli ya kutembelea mteja ni gharama ya ofisi. Na mkimwona anakunywa maji saa saba mchana wenzake wakila, mwiteni mle naye.

Lililobaki ndilo linalonikosesha usingizi. Mikoa yetu miwili ina makao ya watoto mengi, na mengi hupokea wageni wa kujitolea wanaokuja na kuondoka mwaka mzima. Wanafunzi wetu nao hupelekwa huko kwa sababu nafasi hupatikana upesi. Mtoto wa miaka mitano anabebwa, anachezeshwa, anapigwa picha, anafundishwa wimbo, na wiki ya nane yule dada haji tena. Baada ya miezi miwili anakuja dada mwingine. Mtoto yule aliachwa kabla hajafika pale, na sisi tunamwachaacha kila mwaka kwa jina la mafunzo. Niliwahi kumwona mtoto wa makao ambaye alimkimbilia kila mgeni aliyeingia getini, akamkumbatia miguu, halafu mgeni akiondoka hakulia hata kidogo. Mwanafunzi aliyekuwa nami alisema, "Mtoto huyu ana upendo sana." Nilimweleza tulivyorudi ofisini kwamba mtoto mwenye mtu wake hawakimbilii wasiomjua, na kwamba kutolia kule ndiko kulikopaswa kututisha.

Kwa hiyo mkiwapeleka makao, wapeni kazi ya kumrudisha mtoto kwao: kutafuta ndugu, kukagua jalada linalosema "yatima" wakati mama yuko hai Kiboriloni anauza ndizi, kuandaa familia ya kuaminika pale kwao panaposhindikana. Kucheza na watoto kuachwe kwa walezi wanaobaki. Picha za watoto zisiwekwe kwenye simu zao hata moja. Na siku ya kwanza kabisa mwanafunzi aseme mbele ya watoto tarehe atakayoondoka, aiandike kwenye kalenda ya ukutani, na wiki mbili za mwisho azitumie kuaga, mtoto mmoja mmoja. Asiahidi kurudi. Wengi huahidi kwa sababu wanapenda, na mtoto huhesabu siku.

Binti wa bahasha ya kaki nilimpeleka mwenyewe kwa afisa mmoja ninayemwamini, ambaye Ijumaa zake bado zina saa moja. Lakini sitaweza kuwapeleka wote, na mimi umri umekwenda. Ninachoweza ni hiki: mratibu wa chuo chochote cha huku anayetaka kukusanya wasimamizi wake wapya nusu siku kabla ya Julai, aniite. Jumatano na Jumamosi ni siku za gulio hapa Tengeru na barabara hujaa, siku nyingine yoyote nitafika mapema. Nauli nitajilipia. Nitakuja na majalada yangu ya zamani, majina yote nimeyafuta, tuyasome pamoja.

Mama yenu,
afisa ustawi wa jamii mstaafu, Tengeru