Msiyaruke matangazo kwenye kanda za zamani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako. Wanaotamani kuyaona tena matangazo ya biashara na vipindi vya miaka ya 1980 huanza kwa kuuliza vituo vya televisheni. Mara nyingi huko hawatapata kitu. Mkanda wa studio ulikuwa ghali, ukifutwa na kurekodiwa upya, hata kipindi chenyewe kikapona kwa bahati. Tangazo ndilo halikuwa na mwenyewe kabisa: lilirushwa majuma kadhaa, kisha mkanda wake ukarudishwa kwa wakala au ukatupwa. Sauti ya mtangazaji kati ya vipindi na saa iliyooneshwa kabla ya habari navyo havikuwekwa na mtu, isipokuwa yule aliyekuwa akirekodi filamu nyumbani akasahau kuzima deki.

Kuna mmoja ambaye hakusahau, alikusudia. Marion Stokes wa Philadelphia, Marekani, alirekodi televisheni usiku na mchana kuanzia 1979 hadi alipofariki 2012, akaacha kanda zipatazo 70,000. Matangazo yamo humo, hayakukatwa.

Wengi wetu tuna kanda kumi au ishirini sandukuni. Kabla ya kutia hata moja kwenye deki, ifunue mfuniko wa mbele na uimulike kwa tochi, uchungulie na kwenye vidirisha vya juu. Vumbi jeupe au madoa kama ya unga pembeni mwa utepe ni ukungu. Mkanda huo usichezwe wala usirudishwe nyuma: utachafua hedi, yaani vichwa vidogo vinavyosoma utepe ndani ya deki, na deki hiyo itaambukiza kila mkanda utakaofuata. Uweke peke yake mahali pakavu hadi upate mtu mwenye mashine ya kusafishia.

Kama utepe umekatika, usitumie gundi wala selotepu ya kawaida. Gundi yake hutoka ikapakaa hedi. Kifuko cha VHS hufungwa kwa skrubu tano upande wa chini. Kifungue, uunge kwa utepe maalumu wa kuungia, tena uubandike upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Angalia pia kipande kinachopitisha mwanga mwanzoni na mwishoni mwa utepe. Deki hutambua mwisho kwa mwanga unaopenya hapo. Ukikikata ukaunga bila hicho, mota itavuta hadi utepe uchomoke.

Deki nayo itunzwe. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016, kwa hiyo zilizobaki ndizo hizo. Picha ikijaa chenga, hedi huenda ni chafu. Pamba ya masikio haifai, nyuzi zake hunasa na kuing'oa hedi. Chukua kipande cha ngozi laini kilicholowa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, ukishike kiguse silinda, ile ngoma inayozunguka na kubeba hedi, bila kukandamiza, kisha izungushe silinda kwa kidole kutoka juu. Kipande kisisogezwe juu na chini hata kidogo, maana hapo ndipo hedi huvunjika.

Sasa kunakili kwenye kompyuta. PAL na NTSC ni mifumo ya picha za televisheni. Mkanda wa PAL una mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde, wa NTSC una 525 na karibu fremu 30, na deki lazima ielewe mfumo wa mkanda wako. Kila fremu ni nusu mbili, mistari witiri na mistari shufwa. Programu ikizichanganya ovyo, kila kinachotembea huota meno kama chanuo. Nakala ya kutunza ibaki na nusu zake. Kuzitenganisha, yaani picha 50 kwa sekunde kwa PAL, kufanyike kwenye nakala ya kutazama tu. Ukihifadhi faili katika muundo wa DV, tenga takriban GB 13 kwa saa. Na umbo libaki 4 kwa 3. Hakuna kinachoudhi kama mtangazaji wa 1985 aliyevutwa mashavu ili ajaze kioo kipana.

Usumbufu mkubwa uko kwenye viungo, yaani pale rekodi iliposimamishwa na kuendelea. Watu walibonyeza kusitisha tangazo likianza, wakachelewa sekunde tatu, nne. Kila kiungo hivyo huvuruga mawimbi: kifaa cha kunasia picha hudondosha fremu, sauti ikaachana na midomo, au kikadhani mkanda una kinga ya kunakiliwa na kuonesha buluu tupu. Dawa ni kuweka kisawazishi, TBC kama mafundi wanavyokiita, kati ya deki na kompyuta. Baadhi ya mashine za kurekodi DVD zikipitishwa hapo katikati hufanya kazi hiyo vizuri, hata kule juu picha inapopinda kama bendera. Sauti ikinguruma, badili kutoka Hi-Fi, sauti inayosomwa na hedi za silinda, uende kwenye njia ya kawaida iliyo ukingoni mwa utepe. Si tamu sana, ila haitegemei hedi za silinda.

Kosa la mwisho ndilo linalopoteza zaidi: kuzima filamu inapokwisha. Mkanda wa E-180 ni wa saa tatu kwa mwendo wa kawaida, na filamu ni saa mbili au pungufu. Saa iliyobaki mara nyingi ina mabaki ya kilichorekodiwa kabla, nusu ya kipindi, habari, matangazo sita mfululizo ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye lebo. Acha mkanda utembee hadi deki isimame yenyewe, hata kama kwa dakika kumi unaona chenga tupu.

Fundi wa kanda, msomaji wenu